Ulikuwa kipa wa akiba? Namna ya kuingia kwenye ukocha ukiwa hapahapa Dodoma, njia aliyopita Nuno

Mbukwenyi wadau.

Hili swali nimeulizwa mpaka nimechoka kujibu mmojammoja, wengine wananipigia saa tano usiku, wengine wananisimamisha pale Sabasaba nina mzigo begani, na swali ni lilelile, kocha mi umri umeenda, goti linagoma, timu hainipangi tena, naingiaje kwenye ukocha? Basi leo naandika nilichonacho chote, ni ndefu kidogo, isome ukiwa umetulia sio ukiwa unaendesha boda.

Kwanza mtoe Mourinho kichwani. Najua ukisema kocha Mreno kijiweni kila mtu anamtaja yeye, ila Mourinho mpira wenyewe hakuucheza kwa maana yoyote, mlango alioingilia ni wa ukalimani, alikuwa anamtafsiria Bobby Robson pale Sporting. Huo mlango sisi hatuna, nani huku Nkuhungu anatafuta mkalimani wa kocha? Mtu wa kumsoma ni Nuno Espírito Santo, na ntakwambia kwa nini.

Nuno kazaliwa 1974 São Tomé, kile kisiwa kule Ghuba ya Guinea, kwa hiyo kwa kuzaliwa ni mtu wa bara hili hili. (Sio peke yake, Paulo Fonseca na Carlos Queiroz wote wawili wamezaliwa Nampula, hapo Msumbiji kwa jirani zetu, ila tusitoke nje ya mada.) Alikuwa golikipa, na tusidanganyane, hakuwa golikipa wa kutisha. 1997 akaenda Deportivo La Coruña ya Hispania, kufika langoni akamkuta Jacques Songo'o wa Cameroon, mwisho wa siku akapelekwa kwa mkopo Mérida, kisha Osasuna. 2002 karudi Ureno kwenye timu ya Porto, akamkuta Vítor Baía. Sasa kusubiri namba nyuma ya Vítor Baía ni kama kupanga ndoo kwenye bomba ambalo DUWASA wameshalikata, unapanga tu kwa heshima. 2003 Porto wakabeba Kombe la UEFA, 2004 wakabeba Ligi ya Mabingwa, fainali ile ya Gelsenkirchen wakampiga Monaco 3-0, Nuno yuko benchi. Baadaye kaenda Urusi, Dynamo Moscow, akarudi Ureno, akarudi tena Porto 2007, huko nako kipa namba moja ni Helton. Euro 2008 kaitwa timu ya taifa baada ya Quim kuumia, hakugusa nyasi. Mpaka anatundika daluga 2010 timu ya wakubwa ya Ureno hajaichezea hata mechi moja.

Mtu huyo huyo ndo alikuja kuipandisha Wolves ya Uingereza mpaka Ligi Kuu, akaifikisha robo fainali ya Ligi ya Europa, akabeba ubingwa wa Saudia, akaichukua Nottingham Forest ikiwa inachungulia kaburi akaimaliza nafasi ya saba. Kwa hiyo wewe uliyekaa benchi misimu sita usijione ulipoteza muda. Ulikuwa darasani, shida ni kwamba huenda hukuwa unaandika.

Benchi lifanye darasa

Hii nianze nayo kwa sababu inafanyika ukiwa bado mchezaji, na wengi wanakuja kuniuliza wakiwa wameshachelewa. Kama bado upo kwenye timu, hata hii ya ndondo, hata ya daraja la wilaya, nunua kaunta buku. Sio simu. Simu ukiitoa benchi kocha atadhani unabeti.

Kwenye hilo kaunta buku kila mechi andika vitu vichache tu. Cha kwanza, mpinzani anapoteza mpira sehemu gani ya uwanja na anampa nani. Usiandike beki wao mbovu, andika namba mbili wao akibanwa upande wa laini anapiga juu bila kuangalia. Cha pili, kocha wako akifanya sabu, angalia saa, andika dakika, halafu andika kilichobadilika baada ya dakika kumi, na kama hakuna kilichobadilika andika hakuna, hiyo nayo ni elimu. Cha tatu, na hiki ndo kikubwa, mapumziko kocha aliongea na nani na aliongeaje. Kuna mchezaji akifokewa anaamka, kuna mwingine akifokewa amekufa mpaka Jumatano. Hiyo hakuna kozi inayokufundisha vizuri kama benchi, maana wale kumi na moja wanasikiliza wameshika magoti wanahema, wewe wa akiba ndo mwenye pumzi ya kusikiliza.

Na kipa wa akiba ana faida nyingine ambayo straika wa akiba hana. Kipa anaangalia mpira akiwa ameukabili uwanja mzima, miaka yote yeye ndo anaona mistari, anaona beki wa kushoto kachelewa kurudi, anaona pengo kabla halijawa goli. Ukimuuliza winga mechi ilikuwaje atakusimulia upande wake tu. Ndo maana nasema makipa tunaanza na mtaji.

Shule na watu wa shule

Leseni lazima. Usinilete habari za mi nina kipaji cha kufundisha. Ngazi zinaanza CAF D, halafu C, B, A, unapanda moja moja, huruki. Kwa hapa kozi zinapita TFF kwa kushirikiana na vyama vya mikoa, kwetu ni DOREFA, na hazitangazwi kila mwezi, kwa hiyo usisubiri kusikia redioni, nenda ofisini kaulize, acha jina na namba, rudi tena baada ya wiki tatu ukaulize tena mpaka wakuzoee sura. Ada na sifa zinabadilika, ulizia hukohuko usiniulize mimi kwenye inboksi. Wakati unasubiri soma sheria 17 za mpira, aisee utashangaa watu wamecheza miaka kumi na tano hawajui kwamba mpira wa kurusha huwezi kufunga nao goli moja kwa moja.

Ila kwenye hii habari ya shule Nuno kafanya kitu ambacho mi nakipenda kuliko vyote. 2009, akiwa bado mchezaji wa Porto, kaenda kusoma kozi Scotland, mji unaitwa Largs, ndo chama cha mpira cha kule kinaendesha mafunzo. Mtu wa Porto, kabeba ubingwa wa Ulaya, anaenda kukaa darasani kwenye baridi na mvua ya Scotland. Huko akakutana na dogo mmoja Ian Cathro, miaka ishirini na mbili ishirini na tatu, hajawahi kucheza mpira mkubwa, alikuwa anafundisha watoto. Mtu mwingine angemwona dogo wa nini. Nuno akamsikiliza, akaona kichwa kipo, na alipopata timu yake ya kwanza 2012 akamwita Ureno awe msaidizi, wakaenda wote Valencia, baadaye wakakutana tena Wolves na Tottenham.

Kwa hiyo ukienda kozi usikae na wale mliotoka nao mkoa mmoja mkala chipsi na kusengenya mkufunzi. Tafuta mtu anayejua usichojua. Mimi kozi yangu nilikaa dawati moja na mwalimu wa shule ya msingi kutoka Mpwapwa, mtu hajui hata kupiga danadana tano, lakini alikuwa anajua kupanga somo, lengo, muda, vifaa, tathmini, yote kwenye karatasi moja. Mpaka leo nikipanga wiki ya mazoezi nampigia, mwalimu hebu sikiliza hii, ananiambia kocha hapo umejaza vitu viwili kwenye dakika ishirini, watoto wako watachanganyikiwa. Na ni kweli wanachanganyikiwa.

Kuhusu wakala, Nuno ndo mteja wa kwanza wa Jorge Mendes, ule uhamisho wa kwenda Deportivo ndo dili lililomtoa Mendes, wakati huo Mendes mwenyewe anaendesha klabu ya usiku. Walikua pamoja. Watu wanasema Nuno kabebwa na Mendes, na tusifiche, pale Wolves wachezaji kama Rúben Neves na Diogo Jota walikuja kwa mlango huo. Mi naona hapo hakuna dhambi. Rafiki unayempata akiwa hana kitu ndo huyo huyo, kwa hiyo heshimu watu wa mtaani kwako, yule anayeuza jezi za mtumba leo kesho ndo meneja wa timu.

Anza kwa kumshikia mtu koni

Hapa ndo vijana wengi wanapokosea. Anamaliza kucheza Mei, Juni anataka awe kocha mkuu, anakuja na miwani ya jua na filimbi shingoni. Nuno alipostaafu 2010 kazi yake ya kwanza ilikuwa kocha wa makipa Málaga, chini ya Jesualdo Ferreira, mzee aliyemfundisha Porto. Ferreira kafukuzwa Málaga kabla hata ya Krismasi, kaenda Panathinaikos ya Ugiriki, Nuno akaenda naye. Miaka miwili anabeba mipira. Kwa hiyo yule kocha aliyekuwa anakukalisha benchi usimnunie, ndo huyo atakupa kazi. Nenda kwake, msalimie vizuri, shikamoo mwalimu, mwambie naomba nikusaidie makipa jioni, sitaki hela. Kocha gani wa mtaani atakataa? Timu nyingi huku kwetu hazina kocha wa makipa kabisa, kipa anapashwa na kipa mwenzie pembeni, wanarushiana mpira kama wanauza nyanya.

Sasa kwa kuwa wengi mtaanzia hapo ngoja niseme kidogo zoezi la makipa kwa mazingira yetu, maana video za mtandaoni zote ni nyasi za kijani na sisi uwanja ni mbuga yenye changarawe. Kipa wa Dodoma anaogopa kuruka, na sio mwoga, ni kiwiko kinauma. Ukimlazimisha arukie changarawe wiki ya kwanza umempoteza, atahamia kwenye ubeki.

Mi nafanya hivi. Natafuta kona moja ya uwanja, tunachimba kidogo tunamwaga mchanga wa korongoni, mikokoteni mitatu minne inatosha, eneo la mita nne kwa sita hivi. Tunamwagia maji jioni kabla ya kuanza, kama maji yapo. Kipa anaanza amekaa chini miguu mbele, namrushia mpira kulia kushoto, adake aanguke kwa ubavu, sio kwa kiwiko wala kwa tumbo. Akishazoea apige magoti, halafu achuchumae, mwisho asimame. Mpira sita mpaka nane halafu apumzike, usimpe ishirini mfululizo, akichoka anaanza kuanguka vibaya na anajifunza kuanguka vibaya. Hii hatua watu wanairuka kwa sababu haina mbwembwe, mi nakaa nayo wiki tatu.

Ya pili ni kamba. Nunua kamba ya katani, funga mwisho mmoja nguzo ya kulia mwisho mwingine nguzo ya kushoto, halafu katikati ya kamba ivute mpaka mpira ulipo, weka kigingi. Umepata pembetatu. Mwambie kipa asimame kwenye laini ya goli, aangalie kamba zilivyo mbali na mikono yake pande zote. Sasa mwambie asogee mbele hatua tatu, aangalie tena. Kamba zimemkaribia, hajarefuka hata inchi ila goli limepungua. Goli ni mita 7.32 kwa 2.44, hakuna binadamu anayelijaza kwa urefu, linajazwa kwa kusimama. Hamisha mpira, hamisha kamba, arudie. Dogo mmoja wa miaka kumi na tano nilimfanyia hivi akakaa kimya, akasema kwa hiyo kocha zile goli zote mwaka jana ni kwamba nilisimama pabaya tu? Nikamwambia sio zote, mbili ulikuwa umelala.

Na upepo. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa upepo wa Dodoma sio wa kawaida, mpira wa kona unaondoka unarudi. Kipindi hicho fundisha kipa kupiga ngumi na sio kudaka kila krosi, na apige goli kiki za chini. Muda wa mazoezi ni kumi na mbili asubuhi au kumi na moja jioni, katikati ya hapo jua linawamaliza wote na wewe ukiwemo.

Chukua timu ndogo, usisubiri kubwa

Timu ya kwanza ya Nuno kama kocha mkuu ni Rio Ave, 2012, timu ya mji mdogo wa pwani unaitwa Vila do Conde, watu wa uvuvi. Sikia sasa, ile timu msimu wa 2012/13 ilikuwa na makipa wawili, mmoja Jan Oblak kwa mkopo kutoka Benfica, mwingine dogo wa Kibrazili anaitwa Ederson. Wote wawili walikuja kuwa makipa wakubwa duniani, na walikuwa kwenye kitimu kimoja chini ya kocha aliyekuwa kipa wa akiba. Mi hii habari nikiikumbuka natabasamu peke yangu. Msimu uliofuata Nuno kaipeleka Rio Ave fainali za makombe yote mawili ya Ureno, kafungwa zote na Benfica ndani ya wiki mbili, Mei 2014, ila timu ikapata tiketi ya Ulaya kwa mara ya kwanza kwenye historia yao. Baada ya hapo Valencia wakamwita, msimu wa kwanza kamaliza wa nne La Liga na pointi 77.

Timu ndogo ya kwako ipo. Shule ya kata haina mwalimu wa michezo anayeweza kuandaa timu ya UMISSETA, nenda kajitolee. Timu ya wafanyabiashara wa sokoni, timu ya bodaboda wa kituo, timu ya mabinti, hizi za mabinti hasa ndo zina uhaba wa makocha na zina wachezaji wanaosikiliza kuliko sisi tulivyokuwa tunasikiliza. Kipimo changu cha timu ya kuanzia ni kwamba wanakuja angalau kumi na nne kila siku ya mazoezi na kuna mtu mmoja asiye wewe anayeshika hela. Ukishika wewe mpira na hela umekwisha, siku mnakwenda Kibaigwa mechi ya kirafiki na Noah ya kukodi halafu mafuta yamepelea, wewe ndo mwizi.

Cheza ulichonacho

Kosa langu kubwa la mwaka wa kwanza, na hili nalisema hadharani. Nilitaka timu icheze kama nilivyoona kibanda umiza Jumapili, kipa aanze chini, mabeki wapanue, pasi pasi. Uwanja wetu una shimo kwenye boksi ambalo hata mbuzi wanalikwepa. Tulifungwa tano, tatu kati ya hizo tulijifunga wenyewe kwa pasi za kipa, na kipa mwenyewe nilikuwa nimemfundisha mimi.

Angalia Nuno anavyofanya. Wolves alikuta timu ya daraja la kwanza, akaweka mabeki watatu nyuma (beki tatu ya mpira, sio ile mnayoifikiria nyie), akamchukua Conor Coady aliyekuwa anacheza kiungo na beki wa pembeni akamweka katikati ya wale watatu awe anagawa mipira mirefu. Msimu wa 2017/18 wakapanda na pointi 99. Misimu miwili iliyofuata wakawa wa saba Ligi Kuu ya Uingereza mara mbili mfululizo. Kikosi kidogo, wachezaji walewale kila wiki, kila mtu anajua kazi yake hata ukimwamsha saa nane usiku.

Kafika Forest Desemba 2023, hakuleta ile beki tatu kwa kulazimisha, msimu wa 2024/25 kaona ana mabeki wa kati wawili wa mbao, Murillo na Milenković, ana kipa Matz Sels, ana mawinga wenye mbio na Chris Wood anayejua goli lilipo. Basi, rudini nyuma, wacheni wenye mpira wacheze na mpira wao, tukiupata tunaondoka. Septemba 2024 wakaenda Anfield wakampiga Liverpool 1-0, Liverpool hiyohiyo iliyokuja kuwa bingwa. Wood akafunga goli 20 kwenye ligi, wakamaliza wa saba, wakarudi Ulaya baada ya karibu miaka thelathini. Watu wanasema ni mpira wa kuboa, sawa, waambie washabiki wa Forest.

Sasa kwenye mazoezi unafanyaje. Siku ya kwanza na timu mpya usifundishe kitu, wape mpira wacheze nusu saa, kaa pembeni na kaunta buku lako. Nani ana mbio, nani anaongea, nani akikabwa anaweza kugeuka, nani anarudi. Usiulize mtu anacheza namba gani, wote watakwambia kumi. Kisha chukua ile kamba yako ya katani, mabeki wanne waishike kiunoni, mita saba nane kati ya mtu na mtu, tembeza mpira kulia wasogee wote kulia, kushoto wote kushoto, kamba isilegee isikaze. Watacheka, waache wacheke. Dakika kumi na tano kila siku kwa wiki mbili. Viungo wanne mbele yao kama mita kumi, kamba yao. Ukishatoa kamba utaona bado wanasogea kama wamefungwa, hapo tayari una timu isiyofungwa kirahisi, ya kufunga utaitafuta baadaye taratibu.

Na sherehekea kitu chochote mnachofanya kama mlivyofanya mazoezini, hata mkifungwa. Mi nikiona mabeki wamesogea pamoja napiga makofi hata tukiwa nyuma 3-0, mwenyekiti ananiangalia kama nimechanganyikiwa.

Siku utakayofukuzwa

Ipo, sio kama, ni lini. Valencia ile aliyoipeleka nafasi ya nne aliondoka Novemba msimu uliofuata. Porto, klabu yake mwenyewe, kakaa msimu mmoja 2016/17 akamaliza bila kombe, kwaheri. Tottenham wakampa kazi mwisho wa Juni 2021, akaanza kwa kumfunga Manchester City 1-0, akashinda mechi tatu za kwanza za ligi zote 1-0, akapewa tuzo ya kocha bora wa Agosti, Novemba mosi hana kazi. Agosti kocha bora, Novemba mosi yupo nyumbani! Kaenda Al-Ittihad ya Jeddah kabeba ubingwa wa Saudia 2023, klabu haikuwa imeuona tangu 2009, Novemba hiyohiyo wakamtoa. Forest nao pamoja na yote niliyosema hapo juu wakaachana naye Septemba 2025, na kabla mwezi haujaisha West Ham wakawa wameshamchukua. Unaona? Hakai nje muda mrefu kwa sababu kazi yake inajulikana hata kwa aliyemfukuza.

Kwa hiyo jiandae mapema. Makubaliano yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari, posho kiasi gani, siku gani, nauli ya nani, saini mbili na shahidi. Ukiambiwa kocha sisi ni familia hatuandikiani, ujue familia hiyo haina hela. Usiache kazi yako inayokulisha, mi nina kibanda cha spea za bodaboda na ndo kinachonifanya nimjibu mwenyekiti bila kutetemeka. Usigombane na wachezaji siku ya mwisho, hao ndo watakutaja kwenye timu nyingine.

Na vifaa. Hapa nisimulie ya kwangu halafu niwaache. Kuna timu moja humu mkoani, jina naliacha, nilikaa nao miezi saba, tukafungwa mechi mbili mfululizo, Jumamosi usiku mwenyekiti akapiga, kocha tunashukuru kwa huduma, kamati imekaa, posho yako tutaangalia. Kamati ilikaa wapi sijui maana watatu kati yao nilikuwa nao kibanda umiza muda huohuo tunaangalia mechi. Nikasema sawa mzee, usiku mwema. Jumapili asubuhi nikaenda stoo nikachukua vitu vyangu, koni kumi, kamba ya katani, mipira minne niliyonunua kwa hela yangu Sabasaba, vizibao vya kijani alivyoshona mama watoto. Stoo ikabaki na ndoo na neti moja iliyochanika.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi simu inaita. Ni kocha mpya, kijana namfahamu, tulicheza naye zamani. Shikamoo kaka, samahani, naomba kuuliza koni zipo wapi? Nikacheka mpaka mama watoto akaamka. Nikamwambia njoo nyumbani uchukue nane, mbili naziacha nina makipa jioni, na ukija pitia kwa mwenyekiti mwambie akupe na bahasha yangu.

Koni alikuja kuchukua, bahasha mpaka leo hajaja nayo.